Aliyezitangaza Sufuria Zangu ni za Kitimoto Sasa Anaziomba kwa Harusi ya Binti Yake

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, Mmakonde wa Newala niliyeletwa Kilwa Masoko na ndoa nikabaki. Ni mama lishe. Shule niliishia la saba, lakini pilau yangu watu wanaifuata kutoka Kivinje, na wakifika wakakuta imekwisha wananuna kama wamefiwa. Nina watoto wanne, na wa pili ni sista. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndiyo fahari yangu, na ndipo kidonda kilipoanzia.

Majirani zangu karibu wote ni Waislamu, na imani yangu sijawahi kuificha. Rozari iko shingoni, mlangoni nimechora msalaba, na kabla ya kufunua sufuria napiga ishara ya msalaba mbele ya wateja. Wavuvi wananitania, "Mama Msalaba, wali umeshaubatiza?" Nawajibu wa kwao nimeunyima ubatizo, wale kwa amani. Tunacheka. Lakini nguruwe, hiyo kitimoto, hajaingia jikoni kwangu hata siku moja, hata Krismasi. Dini yangu hainikatazi, nimejikataza mwenyewe ili jirani ale sahani yangu bila kuuliza. Nikiwa na shughuli, mbuzi anachinjwa na mzee wa Kiislamu wa mtaani kwetu, watu wakiona kwa macho yao. Wengine Ukristo wao uko kwenye kwaya, wangu uko sufuriani.

Binti yangu alipoweka nadhiri nilifanya sherehe ambayo mtaa ule haujawahi kuiona. Nilitoa sufuria zangu kubwa za shughuli, zile ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Majirani walikuja wamependeza, wengine na kanga mpya za kumtunza sista. Pilau ikapakuliwa. Mara nikaona kule jamvini akina mama wananong'onezana, sahani zinasukumwa pembeni taratibu. Mmoja akasema tumbo linamsumbua, mwingine akaaga kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mwanangu, na kitambaa chake cheupe cha usista kichwani, ndiye aliyezunguka kukusanya sahani zilizojaa. Alinikuta jikoni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, tumewakosea nini?" Pilau ile iliishia kuliwa na kuku.

Baada ya hapo hata wateja wakapungua. Nikakaa natafuta kosa langu, silioni. Mwisho Bi Zuhura, jirani yangu tunayegawana naye ukuta, alishindwa kuvumilia akaja kuniomba radhi. Akaniambia siku ile Mama Furaha aliketi nao jamvini akawaambia, kwa uso wa huruma kabisa, wasile, kwa sababu sufuria zile ndizo ninazopikia kitimoto sikukuu zetu. "Tukaamini," Bi Zuhura akasema. "Si ni wa kwenu? Tukajua anayajua ya jikoni kwenu."

Mama Furaha! Mkristo mwenzangu, kiongozi wa sala wa jumuiya yetu! Furaha wake alikwenda utawani pamoja na mwanangu, akarudi nyumbani kabla ya nadhiri. Mimi sikumcheka, nilimpelekea mtoto vitumbua. Kumbe mwenzangu alikuwa na yake moyoni. Bi Zuhura alizunguka mtaani kunisafisha na wateja wakarudi, lakini mimi sikumwambia Mama Furaha kitu. Nilimtunzia. Akituongoza Baba Yetu kwenye jumuiya, nikifika pale pa kusamehe mdomo wangu unajifunga wenyewe, naungana nao mbele.

Sasa Mungu amemleta mkononi mwangu. Furaha anaolewa Jumamosi hii. Mama wa bwana harusi ni Mwislamu wa Kivinje, na ukoo wake wote unakuja. Mama Furaha amefika kwangu mwenyewe, kajifunga kanga vizuri, sauti ya asali. "Dada yangu, nisitiri. Sufuria za kulisha watu wale unazo wewe, na mkono wa kupika ni wako." Nilimtazama nione kama atakumbuka. Hakupepesa jicho. Nikamwambia anywe chai, nitamjibu.

Jamani, nimeshaipanga siku hiyo mpaka naiota. Nitapika vizuri kuliko siku zote. Wakweze wakishaketi jamvini, harufu imewafika, nitasimama na upawa wangu nimuulize mbele yao, "Mama Furaha, hizi si zile ulizosema za kitimoto?" Akijibu ndizo, jamvi linabaki tupu na binti yake akusanye sahani kama wangu alivyokusanya. Akijibu sizo, ajivue nguo mwenyewe mbele ya wakweze. Nikiwaza hapo usingizi unakuja mtamu.

Sista nilimpigia simu, akasema niwape sufuria na niwapikie nikicheka. Kwake ni rahisi, anaishi na watawa watupu. Lakini Bi Zuhura ndiye aliyeniharibia. Nilimwambia mpango wangu nikitegemea atapiga vigelegele, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama Sista, mimi Ukristo sijausoma popote, nimeuona kwako tu. Jumamosi nitakuwa pale jamvini." Akaondoka, hata chai hakumaliza. Tangu hapo nimemkasirikia na yeye.

Sufuria nimezifungia stoo. Ufunguo nimeufunga kwenye rozari yangu usipotee, na kila nikisali unanigonga kifuani. Mama Furaha nilishamjibu ndiyo, na Ijumaa asubuhi watakuja na mkokoteni kuzichukua. Ninyi wenye mabinti, mliowahi kumwona mwanenu akikusanya sahani zilizokataliwa siku yake ya heshima, semeni na mimi. Ila asije mtu hapa kuniandikia "samehe" halafu akaenda zake. Nataka anayejua uchungu huu aniambie: nikishafungua stoo, Jumamosi mdomo wangu nao niufungue au niufunge?