Emiramura ya Gengeni

Kutoka kwetu kwenda kanisani kuna njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya vumbi inayopita senta, na hiyo ndiyo ya watu wote: bodaboda, baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, maduka, na watu waliokaa vibarazani wakiangalia nani anapita na nani. Ya pili ni ya gengeni. Inapita juu kabisa, pale kilima kinapokatika ghafla, na ukikosea kuweka mguu utafika bondeni bila kuaga mtu. Mimi napita hiyo ya pili.

Sababu naisema wazi, maana nimechoka kuificha. Ndoa ilinishinda nikarudi kwa wazazi, na tangu hapo hakuna mtu barabarani anayenisalimia akaishia kwenye salamu. Shikamoo ikishaitikiwa, swali linafuata: unarudi lini kwa mwenzio? Muuza sukari anauliza. Mwenye bodaboda, ambaye mimi si ndugu yake wala mteja wake, anapunguza mwendo ili aulize. Gengeni hakuna swali. Kuna upepo, na kuna rweya, ule uwanda wa nyasi ambao si kibanja cha mtu, ambako wanawake hukata nyasi za kutandaza migombani. Wao hunisalimia wakaendelea na kazi yao. Asubuhi ukungu hujaa bondeni, nami natembea juu yake pekupeku, viatu vya kanisani mkononi, nikijisikia mtu mzima.

Kaka yangu aliona aibu. Alisema siku moja nitateleza, na watu watasema nilijirusha kwa uchungu wa mume. Nikamwambia kama ni kufa kwa ajili ya yule bwana, ningefia kwake, nisingepoteza nauli ya kurudi. Hakucheka.

Kisha Jumapili moja nikaikuta njia imefungwa. Ingekuwa miiba ningeiruka, ingekuwa ua ningeusukuma. Ilikuwa emiramura, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka, imesimikwa mstari mzima kuvuka njia hadi ukingoni. Anayeng'oa omuramura mmoja tu hapa hasemwi vizuri hata na watoto wake. Mpaka hupandwa majirani wakiona, na ukishapandwa hauguswi wala hauvukwi.

Mpandaji nilimjua. Ni mzee mwenye kibanja kinachopakana na rweya, na alikuwa na hamu ya kupanda misonobari kule juu. Nilimfuata kwake, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza majirani gani walishuhudia. Akasema njia ile haina watu tena, haipiti mtu mwenye akili.

"Nenda barabarani, mwanangu, kama wenzio," akaniambia.

Nilirudi nyumbani na hasira yangu. Kaka akanituliza kwa ule usemi wa wanyonge, mwenye nguvu mpishe. Mimi nimempisha mume, nimempisha mama mkwe, nimewapisha wote wa senta. Nilikuwa nimebakiwa na kijinjia cha kukanyaga mguu mmoja mmoja, na hapo pia nipishe?

Dawa ya moto ni moto. Siku ya pili yake, jua likiwa limetoka vizuri, nilikata matawi ya omuramura nyuma ya nyumba yetu, maana mmea ule hushika kwa tawi tu, nikayafunga mzigo na kupanda nayo kichwani. Kaka alinifuata hadi mwisho wa migomba akisema mwanamke hapandi mpaka. Nikamwambia asimame pale pale aone anavyopanda.

Sikugusa hata jani moja la mzee; miche yake ilikuwa imeachana hatua nzima, na kilichofunga njia kilikuwa mpaka, si majani. Nilianzia pale mstari wake ulipoikata njia, nikachimbia matawi yangu kulia na kushoto, kuifuata njia kwenda na kurudi, nikiiachia nafasi ya mtu na mzigo wake. Wanawake wa nyasi wakaacha miundu wakatazama. Nikawaomba wawe mashahidi. Mmoja wao, mama mwenye umri wa mama yangu, alinisogelea. Alichukua tawi akasimika.

Mzee alikuja tukiwa tunamalizia. Alinyoosha kidole kwenye ile mistari miwili.

"Nani amekupa ruhusa ya kuweka mpaka hapa?"

"Yule aliyekupa wewe, baba."

Angeweza kuing'oa. Lakini kama yangu inang'oleka, yake je? Na wanawake wote walikuwa wanamwangalia. Akageuka akashuka.

Mvua ilipokuja, emiramura yangu ikashika. Misonobari imeishia nje ya mistari, na njia inapita katikati. Senta bado wanauliza nitarudi lini kwa mume wangu. Jibu ninalo, na nalitoa gengeni tu. Anayelitaka avue viatu anifuate.