Mgagani Chini ya Fremu

Kwa nini mama hakukataa? Kila nikisikia harufu ya saruji mbichi hapa Katoro, swali hilo hunikera upya. Mafundi walisimama na majembe kwenye bustani yake ya mgagani, nyuma ya nyumba, tayari kuchimba msingi wa fremu za maduka.

“Baba watoto, subirini basi nichume.”

“Chuma haraka. Mboga zimejaa sokoni!” baba akajibu, mafundi wakacheka.

Mama akachuma yote, akachemsha, akaanika nsansa, mboga kavu ya kula kiangazi. Nilimsaidia huku nimenuna. Fremu mbili kati ya tatu hadi leo hazina mpangaji.

Mwaka jana ndipo niliposoma karatasi ya mauziano ya kiwanja kile. Mnunuzi alikuwa mama, peke yake.