Kila Alipowahi, Kompyuta Yangu Ilimwandika Amechelewa

Admin, nifichie jina, na wanaonijua kwa uandishi wangu naomba wanyamaze. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, naishi Usagara hapa Tanga, sijaolewa, namtunza mama yangu. Ni karani wa mishahara kwenye kiwanda kidogo cha sabuni kilicho nje ya mji, njia ya Pangani. Nakula, nacheka na watu, lakini siku hizi nikisikia adhana ya alfajiri najifunika shuka mpaka kichwani, na mtaani kwetu misikiti iko mitatu.

Mwaka jana bosi alichoshwa na wachelewaji. Akatoa amri kwamba atakayechelewa, muda aliochelewa ukatwe kwenye ovataimu yake. Zamani hesabu hizo nilizipiga kwa mkono. Nikaona sasa ndio wakati wa kuonesha kwamba chuo sikwenda kumaliza ada ya watu, nikazihamishia kwenye kompyuta. Wafanyakazi wetu wanaandika saa za Kiswahili kwenye daftari la getini, kwa hiyo nikaiamuru kompyuta iongeze sita kila mahali. Saa moja asubuhi ikasoma saba, saa kumi jioni ikasoma kumi na sita. Nikajaribu kwa majina matano, ikakubali. Bosi akanisifu mbele ya watu na kichwa kikanivimba.

Mwisho wa mwezi akaja dirishani kwangu mzee mmoja, tumwite Mzee Bakari. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha boila, hivyo zamu yake ilianza saa kumi na mbili alfajiri, saa nzima kabla ya sisi wengine, na jioni alibaki kuizima. Kijijini kwao, ambako msikiti ni mmoja tu, alikuwa muadhini. Alikuwa akiadhini alfajiri, anaswali, kisha anapanda bodaboda kuja kazini.

Nilimwamkia shikamoo, hilo sikukosa.

"Marahaba mwanangu. Ovataimu yangu ya mwezi huu siioni, au macho yangu?"

Nikafungua kompyuta, nikakuta jina lake limejaa rangi nyekundu. "Mzee, umechelewa siku ishirini na mbili."

"Mie?"

"Kompyuta haina ugomvi na mtu, mzee."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee akaitazama saa yake ya mkononi kwa muda mrefu. "Basi labda saa yangu yanidanganya," akasema, akaondoka.

Mwezi uliofuata akawa anafika saa kumi na moja na nusu. Bado nyekundu. Akanunua saa mpya, akamwachia mtu mwingine adhana ya alfajiri, akawa anafika saa kumi na moja kamili, giza totoro. Nyekundu ile ile. Daftari la getini alilinakili kijana wa ofisini, mimi nilikuwa natazama jibu la mwisho tu, alichoandika mzee mwenyewe sikukisoma hata mara moja. Mlinzi aliyekuwa akimfungulia geti hakuulizwa na mtu. Bosi akaniambia niandike barua ya onyo, nikaiandika na kuitia sahihi. Mzee aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, na wiki ile ile akaacha kazi mwenyewe. Hakugomba. Laiti angegomba.

Aliyekuja kushika boila baada yake ni baba mmoja wa Muheza, mbishi kweli kweli. Alipokosa ovataimu aligoma kuondoka dirishani. "Dada, fungua nione nilichoandikiwa." Nikafungua. Alikuwa amefika saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Kompyuta yangu ilikuwa imeongeza sita, ikasoma kumi na saba na dakika hamsini, yaani jioni. "Kwa hiyo mie nimeingia kazini jioni na kutoka jioni hiyo hiyo?" akauliza. Nikafungua mistari ya Mzee Bakari, yote ilikuwa hivyo hivyo. Kosa lile lilimpata kila anayefika kabla ya saa moja asubuhi, na kiwanda kizima mtu huyo alikuwa mmoja tu, wa boila, kwa sababu sisi wengine geti tulifunguliwa saa moja kamili.

Nilimwambia bosi. Akamlipa yule baba, akaniagiza nirekebishe kimya kimya. Kuhusu Mzee Bakari akasema, "Yule keshaondoka, usifukue. Barua ina sahihi yako, sio yangu. Akija kudai hapa, wewe ndiye utakayeondoka."

Jumapili nikaenda kijijini, nimebeba mchele na maneno yangu yote nimeyapanga. Mkewe akanikaribisha barazani. Nikauliza habari za mzee.

"Yuko ndani, amefunga. Leo ni ya arobaini na mbili."

Nikauliza anafunga nini mwezi huu. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba mzee anasema kama kazini alikuwa akichelewa bila kujijua, basi hata adhana zake zilichelewa. Watu walikuwa wakila daku kumbe kumekucha, Ramadhani tatu nzima alizoadhini, na yeye ndiye aliyewaharibia funga. Anawalipia. "Shehe kamwambia hana dhambi. Daktari kamkataza kwa sababu ya sukari. Hamsikii mtu. Juzi kaanguka uani."

Mzee akatoka, amekonda, akafurahi kuniona. Akaniulizia mama, akaniulizia kazi. Nikamjibu yote mawili, nikamkabidhi mchele. Mara akanisogelea kama mtu anayeomba kitu cha aibu.

"Mwanangu, weye wajua hesabu. Hebu niambie, sasa saa ngapi?"

Saa yake mpya ilikuwa mkononi mwake, inafanya kazi. Nikamwambia ni saa sita na robo. Akanishukuru, akaenda kutawadha, na mimi nikarudi mjini sijasema kitu.

Hiyo ni wiki ya pili sasa. Kesho atafunga tena. Nikisema, kazi ndiyo basi, na dawa za mama zinatoka kwenye mshahara huu. Nikinyamaza, mzee atakufa na njaa akilipa deni ambalo hana, na bado ananiamini mimi kuliko macho yake. Ndugu zangu, matusi nimeshajitukana mwenyewe ya kutosha. Niambieni tu, nikikaa tena pale barazani, neno la kwanza nimwambie lipi?