Jogoo wa Benchi la Mwisho

Mwaka ule baraza la wazee katika usharika wetu hapa Igurwa lilikuwa linatafuta mama mmoja wa kuwa mzee wa kanisa, na mimi nilishamjua. Ni mimi. Nani mwingine? Wale wanaong'ang'ania benchi la mbele na vilemba vyao, wanaokuja kuonekana? Thubutu! Mimi nilikuwa nimelishika lile somo la mgeni wa harusini: kaa nyuma, mwenye karamu atakuita mbele, na watu wote watakuona. Hapo kwenye watu wote kuniona ndipo nilipopapenda zaidi.

Basi nikahamia benchi la mwisho. Kitenge kipya nikakiacha kabatini, nikavaa gauni lililopauka, nikakaa karibu na bibi mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Yeye alikaa hapo kwa sababu miguu ilimsumbua na mlango ulikuwa karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana, bibi. Najishusha tu."

Akanitazama, akasogea. Jumapili zikapita, mchungaji haniiti. Nikaanza kukohoa. Nikawa naomba kwa sauti, "Bwana, mimi ni mavumbi, mavumbi matupu!" hadi watu wa mbele wanageuka. Mchungaji anaendelea na matangazo. Nyumbani mume wangu, akianua kahawa, akaniuliza, "Hayo mavumbi yako mbona yana kelele hivyo?" Jioni ile nilimpakulia ndizi bila maharage.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu walikuja na mikungu ya ndizi, maharage, kahawa na kuku, vyote vya kupigwa mnada baada ya ibada. Vikapangwa nyuma, yaani kwangu. Jogoo mmoja mwekundu akafungwa kwenye mguu wa benchi langu. Nilipoanza tu, "Bwana, mimi ni mavumbi," akawika. Nikangoja anyamaze. "Mavumbi matu..." Akawika tena. Bibi akajiziba mdomo kwa kanga. Nilimkanyaga mkia kidogo yule jogoo, Mungu anisamehe.

Ibada ilipoisha, mchungaji akasimama, akanyoosha mkono moja kwa moja kwangu.

"Mama wa benchi la mwisho, hebu njoo mbele."

Ndiyo hiyo! Maneno yangu nilishayafanyia mazoezi shambani, mbele ya migomba. Nikainuka polepole, nikainamisha kichwa, nikaweka mkono kifuani.

"Hapana, mchungaji wangu. Mimi sistahili kabisa. Watafutwe wengine wenye..."

"Jogoo, mama," akasema mchungaji. "Mfungue uje naye. Tunaanza na jogoo."

Waitu! Kanisa zima liliangua kicheko, wanakwaya wakashikana mabega wasianguke. Nikapita katikati nimemkumbatia jogoo, naye anawika njia nzima. Nilitaka kulia kwa aibu, na kwa hasira pia. Na aliyepandisha bei kuliko wote akamchukua ni nani? Mume wangu, mtu yule!

Niliporudi nyuma, bibi alikuwa ameshanisogezea nafasi.

"Kaa, mwanangu," akaninong'oneza. "Huku hatuitwi. Huku tunasali tu."

Yaliniingia maneno yale. Jumapili zote hizo nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, wala sikuwahi kumwuliza miguu inaendeleaje. Nikamwuliza. Akanieleza kwa kirefu sana, maana magonjwa yenyewe yalikuwa mengi.

Mzee wa kanisa akachaguliwa mama mmoja wa benchi la mbele, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote. Iliniuma, nisidanganye. Jioni ya siku hiyo tukapiga magoti sebuleni, zamu yangu ya kuomba. Nikafungua mdomo nianze na mavumbi, nikamwona jogoo amesimama mlangoni, shingo ameinyoosha, ananisubiri. Mume wangu naye kafumba macho, midomo inamcheza.

"Bwana," nikasema, "nilitaka uzee wa kanisa, sikuupata, na nimekasirika. Nisaidie. Amina."

Mume wangu akafumbua jicho moja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Jogoo hakuwahi hata kufungua mdomo.