Kicheko cha Mama Ndani ya Diski Nne

Nimehama miji mingi, na kila nilikohamia nilibeba diski. Mwaka jana nilizishusha zote nne kwa shemeji yangu, mke wa kaka, anayerekodi video za harusi pale Manyamanyama, Bunda. Moja ilikuwa na sauti ya marehemu mama, niliyoirekodi Butiama akisimulia alivyoolewa huku akisonga ugali wa mtama. Hatuna nyingine.

Shemeji alihamisha mafaili kwanza, akazifuta diski, akaziunganisha kwenye kompyuta moja na kuyarudisha.

"Sasa ni ghala moja," alisema. "Kila kitu kinakaa mara mbili, diski tofauti, na kina alama yake ya ukaguzi. Kipande kikiharibika, mfumo unakigundua na kukitengeneza kwa kutumia kile kizima."

Nilifurahi kama nimepewa ng'ombe. Ndugu zangu walikuwa wakutane Musoma Jumapili kumsikiliza mama, nikaona niisafishe ile sauti pale pale kwenye kompyuta ya shemeji. Nikakata kikohozi, nikakata jogoo, nikakata na pale mama anapocheka mpaka mwiko unamtoka. Nikahifadhi juu ya faili lile lile.

Nilipolisikiliza, mama alikuwa kama anasoma taarifa ya habari. Nikamwita mwenye kompyuta.

"Shemeji, nimefuta kicheko."

"Cha nani?"

"Cha mama."

"Cha mama mkwe wangu? Nyie wanaume wa ukoo huu mnakuwaga na mikono inayowasha!" Akavuta kiti, akakaa taratibu kabisa. "Haya, niombe vizuri."

Nikapiga magoti pale studio.

"Sema kaka yako hakustahili kunioa."

"Hakustahili hata kidogo!"

Akaanza kubonyeza, huku akinieleza. Mfumo huu hauandiki juu ya kitu cha zamani, unaandika pembeni. Naye ameuagiza, kila saa, ushike hali ya ghala kama ilivyo saa hiyo, na kilichoshikwa hakifutwi mpaka yeye aruhusu. Akachagua saa nne asubuhi, kabla sijagusa kitu. Nilidhani tutasubiri. Hata pumzi sikumaliza kushusha.

Kikohozi. Jogoo. Kisha mwiko, kwaa, sakafuni, na mama akicheka mpaka anakosa hewa. Tukacheka naye, shemeji kashikilia meza, mimi bado niko magotini. Mteja wa picha ya pasipoti akachungulia mlangoni akauliza kuna nini humu. Mara naye akawa anacheka.