Mbegu Haikai Kibuyu Kimoja

Watu wa upande wa Mwingi, Ukambani, walikuwa wameshamaliza kumsema Kalondu. Walisema ni mkaidi. Walisema ni mjane asiyejua kulia akanyamaza. Na wale ambao midomo yao huzaa kuliko mashamba yao walisema anaongea na wafu. Kalondu aliyasikia yote, maana alikuwa muuza mbegu sokoni, na mtu wa soko hukosa vingi lakini hakosi habari. Hakumjibu hata mmoja. Alipima kunde, akafunga, akamwambia mteja apande kabla mvua haijamcheka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Marehemu mumewe, Muindi, alikuwa mpiga picha, na alipokufa alimwachia kompyuta kuukuu yenye kelele, iliyokaa sebuleni chini ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Ndani yake mlijaa harusi na mazishi ya watu kutoka Mwingi hadi Tseikuru. Kalondu hakuwa na haja na harusi za watu. Alikuwa na haja na video moja tu, ya binti yake Wavinya akiongoza wimbo kwenye mazoezi ya kwaya, akasahau ubeti wa pili, akacheka, kisha akaanza upya. Wavinya alikuwa amemaliza kidato cha nne ugonjwa ulipomjia ghafla ukaondoka naye. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani.

Kila jioni, akishafungia kuku, Kalondu alifunua kitambaa, akawasha mashine, akamsikiliza mtoto wake mara moja, akazima. Wengine jioni hunywa chai wakasema watu. Yeye alikuwa na hilo.

Aliyekerwa zaidi ni Evanson, kaka mkubwa wa Muindi, mzee wa kanisa ambaye zamani alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa mtu mwema, tuseme ukweli, ila wa aina ile anayekutendea wema hata ukikataa. Tangu siku ya mazishi ya Wavinya hakuwahi kulitaja jina lake, wala hakuwahi kuitazama ile video. Aliamini kidonda kinapona kikifunikwa, na kwa kuwa yeye alikifunika chake, alitaka kila mtu afunike. Basi akaamua, bila kumuuliza mwenye kidonda, kwamba Jumamosi angekuja na wazee wawili, waombe, waichukue kompyuta ya ndugu yake, wafute kila kitu kilichokuwamo, na mashine ipewe watoto wa shule ya Jumapili.

Habari ikamfikia Kalondu sokoni kabla ya Evanson kufika kwake, kama kawaida ya habari. Aliogopa. Kisha akakasirika, na hasira ikamfaa kuliko hofu. Alifunga magunia yake mchana peupe akaenda moja kwa moja kwa Mukami.

Mukami alikuwa mwanamke wa Nyeri aliyeolewa huku akafungua saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na stendi. Alimuuzia Kalondu diski ya nje, kitu kidogo cheusi cha kuingia kiganjani, chenye waya wake, akaanza kumwonyesha namna ya kunakili. Hakufika mbali. Kalondu alikuwa ameshasimama, mkoba begani, akisema ameelewa. Haraka haraka haina baraka, lakini nenda kamwambie hivyo mama anayekaribia kunyang'anywa mwanawe mara ya pili.

Nyumbani alifanya kazi ile jinsi alivyofanya kazi zote. Mtu wa mbegu akichagua mbegu njema, huitoa guniani akaitia kibuyuni. Haachi nyingine iliyo sawa nayo guniani, maana hakuna kitu kama hicho. Kwa hiyo Kalondu aliitoa video kwenye kompyuta akaitia kwenye diski, na kwa kuwa mkono ulishazoea, akazihamisha na harusi zote na mazishi yote. Mashine ikabaki tupu kama ghala la mwezi wa njaa. Kisha akaichukua diski, akaizungushia kitambaa, akaizika ndani ya kibuyu cha ndengu za mbegu, akakitundika mahali ambapo mama yake na bibi yake walitundika mbegu zao: juu ya moto wa jikoni, penye moshi, ambapo mdudu hathubutu. Akapika sima chini yake, roho imetulia.

Kesho yake alimsimulia Mukami kwa majivuno. Mukami alicheka hadi akashika meza, kisha kicheko kikamkauka.

"Mama, wewe hujakopi, umehamisha. Sasa Wavinya ako kwa hiyo kitu moja peke yake, na hiyo kitu inaiva kwa moshi. Ikiungua, ameenda."

Kalondu aliketi. Ni yeye mwenyewe, si Evanson, aliyekuwa amemtundika mtoto juu ya moto. Lakini hakuwa mtu wa kulilia uji uliomwagika wakati sufuria bado ina mwingine. Alirudi nyumbani karibu akimbie, akakishusha kibuyu, akaileta diski ikiwa na joto na harufu ya moshi. Mukami akaichomeka. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, kisha Wavinya akacheka pale saibani mbele ya watu waliokuja kutafuta kazi kwa mtandao. Kalondu alilia waziwazi na hakuomba radhi.

Hapo ndipo alipoona ujinga wake ulivyokuwa wa ajabu. Ni Mkamba gani huweka mbegu zote nyumba moja? Katika mwaka mmoja mbaya, alipokuwa bado msichana, familia yao ilikula hadi mbegu, na iliyowaokoa ni ile ambayo mama yake aliigawa mapema kwa jamaa wa mbali. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mvua ikikunyima, unakwenda kwa ndugu ambaye mvua yake haikukosa, unabeba kibuyu chako mwenyewe mkononi, unaomba, na hunyimwi. Jambo hili alilijua tangu utoto, na bado hakulikumbuka, kwa kuwa kile kitu cheusi hakikufanana na mbegu.

Akanunua diski ya pili. Safari hii alikaa kwenye kiti hadi mwisho, akamfuata Mukami kidole kwa kidole, akanakili, akafungua kila upande kuhakikisha. Ile mpya akampa Mbuvi, mnunuzi wa mbuzi aliyekuwa akielekea Tseikuru, ampelekee dada yake Kanini, ambaye mkazamwana wake ni mwalimu mwenye laptopu. Ile ya kwanza ikarudi kibuyuni, na kibuyu kikahamia chumbani, mbali na moto.

Jumamosi Evanson alifika na wazee wake wawili. Kalondu aliwapa chai yenye maziwa mengi, maana ugomvi si sababu ya kunyima mtu chai. Evanson aliomba kwa muda mrefu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji, huyu mtoto tulimrudisha kwa Mungu. Wewe kila jioni unamwita. Mwache apumzike, na wewe upumzike."

"Mimi simwiti," Kalondu akasema. "Namsikiliza. Kama kusikiliza mtoto wako ni dhambi, basi andikeni jina langu na mliandike kubwa."

Mzee mmoja akakohoa. Evanson, uso umekaza, akafunua kitambaa akawasha kompyuta. Alitafuta, akatafuta, hakuona kitu. Akauliza picha ziko wapi. Kalondu hakumficha. Aliingia chumbani, akarudi na kibuyu, akamimina ndengu kwenye ungo mbele yao, na diski ikaanguka juu yake. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Evanson aliipokea akiwa na wasiwasi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na hakuna kinachomchanganya mtu aliyekuja kupigana kama kukuta mlango wazi.

"Chukua," Kalondu akasema. "Choma ukitaka. Ila ujue nyumba hii si ya mwisho."

Akachukua simu, akampigia Kanini, akaongeza sauti, akaiweka mezani katikati ya vikombe. Kanini alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Kukawa na mkwaruzo, kisha wimbo ukaanza, sauti changa ikipanda bila woga kutoka Tseikuru hadi sebule ile. Ikafika ubeti wa pili ikakwama. Kikafuata kicheko. Halafu ikasikika sauti ya mwanamume, karibu na kamera, ya upole ambao watu wa kanisa walikuwa wameusahau:

"Anza tena, mwanangu. Hakuna haraka."

Ilikuwa sauti ya Evanson, ya siku zile alipofundisha kwaya. Wazee wawili walimgeukia. Yeye alikuwa akiitazama simu, diski bado mkononi, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno ya wimbo bila yeye kujua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini baba mkubwa naye ni mzazi, na alikuwa amekaa na uchungu wake miaka yote hiyo amevaa koti na tai.

Wimbo ukakwisha. Evanson aliirudisha diski kwenye ungo, polepole, juu ya ndengu. Akafuta uso kwa kiganja. Kisha, akiangalia sakafu, akauliza kama na yeye anaweza kupata hiyo ya mtoto, ya kuweka kwake.

Kalondu alimtazama shemeji yake. Angeweza kumkumbusha mengi, na mengine yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Aliinama akaanza kuzirudisha ndengu kibuyuni.

"Kwetu mbegu hainyimwi," akasema. "Lakini unajua desturi. Njoo na kibuyu chako."