Msitu Uliokuwa Juu ya Kijiji

Kwa miaka mitatu nilimhudumia mama mmoja mzee nyumbani kwake Richfield, Minnesota, huku Marekani, karibu na uwanja wa ndege. Nilimwogesha, nikampa dawa, nikampikia uji ambao hakuupenda hata siku moja. Nilimwita Nyanya. Nilipomweleza maana yake akaniambia niendelee, kwa sababu wajukuu wake mwenyewe walimwita kwa jina lake kama jirani.

Ndege zilipita chini sana juu ya paa lile, nyingine zikitikisa vikombe kabatini. Alikuwa ameishi hapo zaidi ya miaka hamsini bila kuzijali, kisha uzeeni akaanza kuziogopa. Akisikia mngurumo aliacha kijiko, akageukia dirisha la nyuma na kusema, "Inakuja."

"Ni ndege tu, Nyanya."

"Ndege haitoki mlimani."

Richfield hakuna mlima. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo, ua wa mbao, na gereji ya jirani.

Habari zake nilizipata kwa vipande, asubuhi nikimchana nywele. Alizaliwa katika kijiji cha milima ya Alpi, kule Ulaya: nyumba kumi na mbili, kanisa, na ng'ombe waliolala chini ya vyumba vya watu ili kuwapa joto. Baba yake alikata majani ya ng'ombe kwenye miteremko mikali akiwa amejifunga kamba kiunoni. Juu ya kijiji kulikuwa na msitu wa misonobari. Ulikuwa mali ya familia yao, lakini baba hakuruhusu mtu akate hata mti mmoja, kwa sababu msitu ndio ulioishikilia theluji isiporomokee nyumba.

Aliolewa na Mmarekani, akaja Minnesota. Huku nyuma, wageni wakaanza kufika kijijini kuteleza juu ya theluji kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni. Wa kwanza walilala sebuleni kwa mwalimu wa shule. Kisha vikajengwa viti vya kuwapandisha mlimani kwa waya, likaja duka, ikaja hoteli. Kaka yake alimwandikia kwa furaha: barabara imetiwa lami, vijana hawahami tena. Baba yao alipokufa ikafika bahasha yenye karatasi ya kutia sahihi. Msitu ukatwe, njia ya kutelezea ipite.

"Nilitia sahihi kwenye meza hii," aliniambia. Ndiyo meza niliyokuwa nikimlishia. "Nilikuwa nakaanga nyama. Sikuketi hata kidogo. Nilifuta mkono kwenye aproni, nikatia sahihi."

"Hukujua, Nyanya."

"Nililelewa chini ya msitu ule. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyeandika karatasi ile."

Majira ya baridi ya tatu baada ya miti kukatwa, theluji iliporomoka asubuhi, watu wakinywa kahawa. Iliifukia nyumba ya mwalimu, pamoja na mwalimu, mke wake na binti yao mdogo. Kaka yake alimwandikia mistari minne tu, na tangu hapo hakuligusa tena jambo hilo. Kijiji kikaendelea kuwa maarufu.

Mume wangu nilipomsimulia alisema, "Hiyo ni akili ya uzee. Wewe maliza shifti yako urudi nyumbani." Pengine. Lakini yeye hakuwapo siku ile ya Januari.

Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, ikafika magotini. Nyanya alikuwa amesimama dirishani, viganja vyake viwili kwenye kioo.

"Mwalimu yuko pale," alisema. "Hana kofia. Nenda ukawatoe."

Nilimbembeleza, nikamwashia televisheni. Alilia mpaka akaanza kukohoa. Mwishowe nikavaa koti na buti, nikachukua koleo, nikatoka. Alinielekeza kwa kidole kupitia dirishani, nami nikachimba mpaka nikaona majani makavu. Akatikisa kichwa: kushoto. Nikachimba kushoto. Nilikuwa nafanya hivyo ili atulie, najua. Lakini baada ya muda niligundua kwamba nimeanza kulishusha koleo polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumjeruhi aliye chini. Nikasimama. Nilipogeukia dirisha, Nyanya hakuwa akinitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, akainamisha kichwa taratibu, namna mtu anavyomsalimu mkubwa wake. Sikugeuka kuangalia. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa komeo.

Alifariki Aprili. Binti yake aliniita nichukue mashuka na vyombo, kisha akanionyesha picha kwenye simu. Alikuwa anapeleka majivu ya mama yake kijijini, na alikwisha kupata chumba katika hoteli yenye roshani za mbao na maua.

"Mama hakukubali kurudi hata mara moja," alisema. "Pazuri hivi! Sijui kwa nini."

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia yote: karatasi, msitu, nyumba ya mwalimu. Aliketi juu ya boksi.

"Alikuambia wewe," akasema. "Mimi miaka yote hii hakuniambia neno."

Nilimshika bega, akaniacha nimshike.

Mwezi uliofuata alinitumia ujumbe. Wafanyakazi wa hoteli, wote vijana wa kutoka kwingine, hawakujua lolote. Mtu mmoja mzee aliyekuwa akifagia kanisani ndiye aliyempeleka nyuma ya kanisa, kwenye jiwe lenye majina matatu, kisha akamwonyesha ilipokuwa nyumba ya mwalimu. Ndipo pale pale ilipojengwa baadaye hoteli aliyolala. "Nimelala juu yao siku mbili," aliandika. "Mama nimemzika karibu na lile jiwe. Sikujua nimwombe nani ruhusa."

Nilikuwa kwenye gari, nje ya nyumba ya mgonjwa wangu mpya katika mtaa wa Frogtown. Niliusoma mara mbili, nikachelewa kuingia.